Mgeni wa mpangaji ameanguka kwenye ngazi: bima ya moto italipa?

Pole kwa mkasa. Kwa kifupi, bima ya moto uliyonayo haitamlipa. Hiyo inalinda jengo lako, mawe na mabati. Mgeni aliyevunjika mkono kwenye ngazi zako analipwa na bima ya dhima ya mwenye nyumba, yaani ile inayolipa madai ya watu walioumia kwako, na katika mikataba mingi ya bima hapa Kenya hicho ni kipengele cha kulipia kando.

Usijidanganye kwamba "hakuwa mpangaji wangu". Ngazi, korido, geti na tangi la maji ni sehemu za wote, ziko mikononi mwako, na Sheria ya Dhima ya Wakaaji (Sura ya 34) inakutaka uhakikishe mgeni halali yuko salama kiasi cha kuridhisha. Ndani ya nyumba mzigo huhamia zaidi kwa mpangaji, isipokuwa ulikuwa na wajibu wa kukarabati ukazembea. Je, taa ya ngazini ilikuwa imeungua na wapangaji walikuandikia WhatsApp kuihusu? Basi wakili wa mgeni ataanzia hapo.

Ukikata bima hiyo ya dhima, soma kiwango cha juu kwa tukio moja na uulize kama gharama za wakili zimo ndani yake. Mlinzi na mtunza ploti hawamo. Hao ni wa WIBA, bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Televisheni ya mpangaji pia haimo.

Na kwa sasa, usimwandikie mgeni "samahani, nitalipa yote". Ukiwa na bima ya dhima, kukiri kosa bila idhini ya kampuni kunaweza kukunyima fidia.