Vichuguu, Mashekhe na Ndege Iliyokwama Mtoni: Majibu ya Barua Zenu

Mwezi uliopita niliandika, kwa kupita tu, kwamba Waingereza walipofungua njia ya ndege toka Cairo hadi Cape Town walihangaika na ardhi kuliko walivyohangaika na anga. Barua zikamiminika. Nimechagua tano.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Marehemu babu alikuwa akisema ndege za Wazungu zilitua hapa Mbeya kabla ya vita ya Hitler. Lakini nimesoma kwamba zilikuwa zikiishia Mwanza. Nani mkweli? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Marahaba. Wote wakweli, wamepishana miaka tu. Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, ilianza safari za Afrika tarehe 28 Februari 1931, na mwanzoni mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Kipande cha kutoka Khartoum hadi ziwani kilifanywa na ndege za majini, yaani zinazotua na kuruka juu ya maji. Mwaka 1932 njia ikasogezwa mpaka Cape Town, na kuanzia Kisumu abiria wakapanda ndege za nchi kavu zilizopitia Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na Broken Hill, ndiyo Kabwe ya leo huko Zambia. Babu alijua alichokiona. Mwaka 1937 mambo yakageuka tena: ndege kubwa za majini zikahamia pwani, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, hadi Durban.

SWALI: Viwanja vingi vya nini, tena vingine porini ambako hakuna hata soko? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kwa sababu injini za wakati ule hazikuaminika. Rubani aliruka akijua kwamba wakati wowote anaweza kulazimika kushuka, na akishuka kwenye miombo basi ndege haipo tena, pengine na yeye. Mwishoni mwa 1918 Wizara ya Anga ya Uingereza ilituma makundi matatu ya wapimaji: la Meja Long upande wa kaskazini, la Meja Emmett katikati, na la Meja Court Treatt kutoka Abercorn (Mbala ya sasa, Zambia) kwenda kusini. Kwa muda wa kama mwaka mmoja wakapata viwanja 43 kwenye njia ya zaidi ya kilomita 8,000. Gawanya mwenyewe: wastani ni karibu kilomita 200 kati ya kimoja na kingine. Vilivyo vikuu vilikuwa na mafuta na mtu wa kupokea ndege. Vya dharura vilikuwa uwanda uliofyekwa, basi.

Kwenye ramani jambo hili ni jepesi. Ugumu ulikuwa chini, kwa mchwa. Nyanda zetu za juu zimejaa vichuguu, na ripoti za wapimaji zinataja vilivyofika mita 7 kwenda juu na upana wa mita 10 na zaidi. Ndola peke yake, Zambia ya leo, watu 700 walifanya kazi toka Aprili hadi Agosti 1919 wakaondoa udongo wa vichuguu wa tani 25,000 hivi. Tani 25,000 kwa majembe na vikapu! Na yeyote aliyelelewa shamba anajua kwamba ukikisawazisha kichuguu bila kumchimbua malkia, umefanya kazi bure; masika yakipita kinachomoza upya. Nyasi nazo hazingoji ruhusa. Mvua mbili nzuri, uwanja unatoweka machoni mwa rubani, na hata akiuona, magurudumu yatazama kwenye tope.

Ndiyo maana nasema kiwanja cha dharura hakijengwi mara moja. Ni cha kufyekwa kila mwaka kwa ajili ya ndege ambayo pengine haitakuja kamwe. Majina ya mameja watatu nimekutajia hapo juu bila shida. Wale 700 wa Ndola wamebaki idadi tu, na hilo linaniudhi kila ninaporudi kwenye habari hizi.

SWALI: Ni kweli kuna ndege ilianguka Tabora zamani sana? (Mwanafunzi, Tabora)

JIBU: Kweli. Tarehe 27 Februari 1920, ndege aina ya Vickers Vimy iliyogharimiwa na gazeti la The Times la London. Ndani yake alikuwamo Dakta Chalmers Mitchell, mkuu wa bustani ya wanyama ya London. Hawakufa, ila ndege haikuendelea. Wiki moja baadaye, tarehe 6 Machi, ndege ya Waafrika Kusini wawili, van Ryneveld na Brand, nayo ikaanguka Bulawayo ilipokuwa ikiondoka. Wenyewe walimaliza safari kwa ndege nyingine na kuingia Cape Town tarehe 20 Machi. Tazama miinuko: Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Bulawayo zaidi ya 1,300. Huko juu, tena juani, hewa ni nyepesi, ndege inataka uwanja mrefu zaidi ndipo ipae.

SWALI: Ardhi ya viwanja hivyo waliipataje? Wenyeji walilipwa? Huku kwetu Ghuba nasikia mashekhe walilipwa rupia. (Msomaji, Muscat, mzaliwa wa Unguja)

JIBU: Umesikia sawasawa, na tofauti hiyo ndiyo inayochoma. Tanganyika, Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana. Serikali ikitaka uwanja, hakukuwa na mwenyewe wa kubishana naye mezani.

Ghuba mambo yalikuwa mengine. Huko ilipita njia nyingine ya Imperial Airways, ya kwenda India. Waajemi walipokataa ndege hizo ziendelee kupita pwani yao, Waingereza mwaka 1932 walilazimika kuketi na Shekhe Sultan bin Saqr wa Sharjah, katika Falme za Kiarabu za leo. Akakubali kwa rupia 800 kwa mwezi, kodi ya uwanja, na 500 nyingine za kwake binafsi. Jengo la abiria lilijengwa kama ngome na walinzi wakawekwa. Leo ni makumbusho, na njia ya kurukia imekuwa barabara ya mjini. Lakini kutoka Sharjah kwenda Gwadar, iliyo Pakistan leo lakini wakati huo ilikuwa ya Sultani wa Muscat, ndege ilivuka milima ya Hajar na kisha bahari. Ilihitajika mahali pa kushukia upande wa pili wa milima, napo ni Kalba. Mtawala wake, Said bin Hamad, hakutaka rupia peke yake. Mwaka 1936 alitoa kibali cha uwanja wa dharura, na Uingereza ikamtambua kuwa mtawala anayejitegemea. Kipande cha mchanga cha kutulia ndege kikanunua nchi! Haikudumu, mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kalba ikarudi chini ya Sharjah.

SWALI: Na kama uwanja haupo kabisa? (Msomaji, Bunia)

JIBU: Jirani zako wa Faradje wanajua. Tarehe 14 Machi 1939 ndege ya majini iitwayo Corsair iliondoka Port Bell, Uganda, kuelekea Juba. Chombo cha redio cha kuonyesha uelekeo kikaipotosha, mafuta yakakaribia kwisha, rubani akauona mto Dungu, akashuka. Watu wote walipona, ila tumbo la ndege lilitobolewa na jiwe. Mafundi wakaja, wakaiziba, na Julai walipojaribu kuirusha ikagonga jiwe tena. Mto ulikuwa mfinyu na maji yamepungua. Basi wakajenga bwawa ili maji yapande. Corsair iliruka tarehe 6 Januari 1940, karibu miezi kumi tangu ishuke. Bwawa zima, kwa ndege moja, kuruka mara moja.