Mwanangu, kuhusu hiyo bastola ya alama za vidole

Mwanangu,

Kamwene. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza shambani, upepo ukala nusu ya maneno, nikausikiliza tena usiku. Nimeelewa hivi: tangu wezi wavunje duka la jirani yenu hapo Uyole, mkwe wangu anataka kuomba leseni ya bastola. Ili usimbishie, amekuonyesha kwenye simu bastola za kisasa zinazotambua kidole cha mwenyewe, na kifaa kinachoonyesha silaha iko wapi ikiibwa. Unauliza kama kwa vitu hivyo viwili mama wa watoto wadogo anaweza kulala usingizi.

Usingizi tutaufikia. Kwanza niambie, risasi zitakaa wapi?

Vyote ulivyonitumia nimevisoma, mwalimu hastaafu kusoma. Ile ya kampuni ya Kijerumani, Armatix iP1, ilitegemea saa ya mkononi: bila saa kuwa karibu, haifyatuki. Mwaka 2014 wenye maduka ya bunduki Marekani waliotaka kuiuza walitishwa na wapenda bunduki wenzao hadi wakaacha. Sababu ni sheria ya New Jersey ya 2002, kwamba bastola za namna hiyo zikishaingia sokoni, baada ya muda uliowekwa jimbo lile lisiuze za namna nyingine. Sheria yenyewe wameilegeza mwaka 2019. Lakini kilichonichekesha ni cha 2017: mtaalamu mmoja aliweka ubavuni mwake sumaku za dola 15 hivi, bastola ikafyatuka bila saa yoyote. Sumaku! Zile zile tulizokuwa tukiwachezesha watoto darasani kwa misumari.

Hii mpya ya Biofire, ya kule Colorado, iliyotangazwa 2023, imefikiriwa zaidi, nakubali. Inasoma kidole na uso, inafunguka mkononi mwa mwenyewe na kujifunga ikimtoka, na inaweza kusajili watu hadi watano. Bei waliyoitangaza wakati huo ilikuwa dola 1,499, zaidi ya milioni tatu na nusu za kwetu, kabla hujaongeza kodi na usafiri. Ila mwambie mkwe wangu asome hadi mwisho. Ndani yake hamna GPS, wala haijiungi na mtandao wowote. Wameitengeneza hivyo kwa makusudi. Kwa hiyo kufunga na kufuatilia anakokuonyesha kama kitu kimoja ni vitu viwili, vya watu mbalimbali, na kila kimoja kina bei yake.

Sasa risasi. Wewe ulikuwa bado mgongoni wakati wa ugali wa ufunguo, lakini umeusikia kila Krismasi, sina haja ya kuurudia. Ila kila mtu ameusimulia kwa namna yake isipokuwa mimi.

Baba yenu alipopata leseni ya ile shotigani ya mitutu miwili, kwa ajili ya nguruwe pori waliokuwa wakitoka msituni na kutumalizia mahindi shamba la Kibao, nilimpa sharti moja: bunduki yako, risasi zangu. Bunduki na risasi zisilale chumba kimoja. Alikubali bila maneno, unamjua baba yenu. Risasi nikazitia kwenye sanduku la bati, nikapiga kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge.

Kisha tukapata msiba Ilembula. Nikaenda na kitenge changu, na ufunguo wangu. Usiku wa pili nguruwe wakaingia shambani, na si wawili watatu, ukoo mzima. Baba yenu kapiga madebe, kawasha moto, kaita majirani, bunduki kaining'iniza begani kama rungu la mgambo. Kulipokucha mahindi yalikuwa chini, yale ya upande wa mto yote.

Mwaka ule tukanunua unga Igowole. Na kila bibi yenu alipoweka sahani mezani alisema, "Karibuni ugali wa ufunguo." Mgeni akiuliza, anaelezwa. Mchungaji alielezwa. Mwalimu mkuu wangu, aliyekuja kunijulia hali ninaumwa, alielezwa nikiwa nimelala chumba cha pili nasikia. Watu wanacheka, na mimi nacheka, lakini ule haukuwa mzaha, mwanangu. Alikuwa akisema mbele za watu kwamba nimemfunga mwanawe mikono. Amepumzika, Mungu amlaze pema, na hadi leo nikisonga unga wa dukani namsikia. Baba yenu hakunitetea hata siku moja. Ila hakuniomba ufunguo.

Mwaka uliofuata, siku ya Pasaka, sote tuko kanisani, wezi wakang'oa bati. Walichukua redio, mablanketi na bunduki. Risasi hawakuziona. Zilikuwa chini ya magunia ya mbegu, chumbani kwa bibi yenu mwenyewe! Alikuwa akilala nazo mwaka mzima, na hakujua hadi siku ile polisi walipotaka kuhesabu kilichobaki, nikainama mbele yake nikavuta sanduku. Alilitazama lile sanduku, akanitazama mimi, akaenda jikoni. Tangu siku hiyo ugali ukawa ugali tu.

Wageni husimuliwa hadi hapo. Wewe nitakumalizia.

Baba yenu alikwenda kutoa taarifa siku ile ile, na kitabu cha leseni mkononi. Wakamkalisha kituoni hadi jioni wakimuuliza maswali kana kwamba kajiibia mwenyewe. Bunduki haikuonekana. Na risasi, wezi wanajua pa kuzipata, hawakuhitaji zangu. Kwa miaka mingi redio ikitangaza kwamba gari limetekwa na wenye shotigani, baba yenu aliweka tonge chini. "Mitutu miwili?" aliuliza, kana kwamba mtangazaji atamjibu. Hakuna aliyewahi kusema mitutu mingapi. Mwaka 2022, serikali ilipotoa msamaha kwa watakaosalimisha silaha kwa hiari, baba yenu hayupo tena, nilimpa kaka yako karatasi yenye namba ya ile bunduki nikamtuma akaulize. Aliniona nimechanganyikiwa, lakini alikwenda. Haikuwemo.

Basi kuhusu kifaa cha kufuatilia nasema ndiyo, hata kwa bei mbaya. Baba yenu angemaliza chakula chake.

Au ngoja. Kifaa hicho kinajua kilipo kwa satelaiti, kisha kinahitaji mtandao wa simu ili kikwambie. Ukikitia kwenye pipa la chuma au ukikifukia, kinanyamaza. Betri ikiisha, kinanyamaza. Mwizi mwenye bisibisi atakibandua akitupe kwenye lori la mbao, nanyi mlifuate lori hadi Dar es Salaam. Na mabonde ya Kilolo unayajua, huko hata simu yangu hukosa la kusema. Lakini saa za kwanza zile, kabla mwizi hajashtuka? Tungejua walau kama imeelekea Mafinga au Malangali. Hapo najishinda mwenyewe na kurudi kwenye ndiyo. Ila namba iliyochongwa kwenye chuma ndiyo isiyohitaji betri, na Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo nchi yetu iliisaini, inataka kila silaha iwe na alama yake na kumbukumbu zitunzwe. Iandikeni mahali penu pia, mbali na silaha.

Hicho cha kidole kinanisumbua zaidi, na utanisamehe nikienda mbali. Mimi ni mtoto wa Isimani. Krismasi ya 1971 nilikuwa binti mdogo, na habari ilitufikia kabla chakula hakijaiva: mkuu wa mkoa wa Iringa, Dokta Wilbert Klerruu, amepigwa risasi shambani kwa Said Mwamwindi. Yalikuwa mambo ya mashamba ya ujamaa, wakagombana, maneno yakawa makali, Mwamwindi akaingia nyumbani akatoka na bunduki. Mwili aliupeleka mwenyewe polisi mjini, kwa gari la mkuu wa mkoa. Akanyongwa. Wazee wa kwetu hadi leo wanabishana nani alimkosea nani, na mimi sitaingia humo. Nakuonyesha kitu kimoja tu. Bunduki ilikuwa yake, kidole chake, uso wake. Hiyo bastola ya Colorado ingemtambua na kumfungulia kama inavyopaswa. Safari ile ya kutoka shambani hadi ndani na kurudi ndiyo niliyotaka kuirefusha kwa sanduku langu. Bunduki na risasi zisilale chumba kimoja, ufunguo uwe kwa asiye na bunduki.

Mkwe wangu atasema, mama, mwizi akishavunja mlango hatasubiri mke wangu afungue sanduku. Ni kweli. Nguruwe hawakunisubiri nirudi Ilembula, na hasara tuliila. Nimelipindua jambo hili miaka mingi na halijawahi kulala upande mmoja. Kwa mtoto mdogo anayevuta droo, kidole kinasaidia kuliko kufuli, kwa sababu kufuli mtu husahau, na bastola ile haisahau kujifunga. Wajukuu wangu wanapanda hadi juu ya kabati, nimewaona kwa macho yangu. Kwa hilo, kama fedha ipo na kama polisi watakubali kuiandikia leseni bastola ya namna hiyo, sina ubishi. Kwa mwenye nyumba mwenyewe, siku amerudi na hasira za kazini, haisaidii kitu. Simsemi vibaya mkwe wangu, ni mpole kuliko wote mlioniletea hapa. Mwamwindi naye hakuamka siku ile akipanga kuua mtu.

Ndiyo au hapana sikupi, ingawa ninayo mdomoni. Nyumba ni yenu, na mimi najua ladha ya kusemwa kwa ajili ya nyumba yangu. Muulize tu, kwa utaratibu, watoto wakishalala, ufunguo wa risasi atampa nani. Akisema atakupa wewe, kaeni mzungumze bei na leseni. Akisema atakaa nao mwenyewe, nipigie siku hiyo hiyo, nitakwambia ninachofikiri bila kuzunguka.

Mama yako,
Mafinga