Siku mbili Roma kwa miguu, na mama mwenye presha

Dada, nimekuelewa: mna Jumamosi na Jumapili tu, mwezi wa Julai, na mama hataki kusikia habari za basi. Inawezekana, ila jua la Roma halina utani.

Tokeni saa 12 asubuhi. Wakati huo maji ya Trevi, ile chemchemi kubwa ya sanamu, mnayasikia kabla ya kuyaona. Ikifika saa 4 mtaona migongo ya watu tu. Pantheon, hekalu la kale la Warumi, ni kama dakika 10 kutoka hapo, na uwanja wa Piazza Navona uko jirani. Saa 7 hadi saa 11 laleni, au jifiche kanisani (mabega yafunikwe, kanga inatosha). Jioni vukeni mto Tiber mwende mtaa wa Trastevere. Jua huzama karibu saa 3 usiku.

Ndala acheni. Mimi vile vijiwe vya barabarani vilinikomesha siku ya kwanza. Maji msinunue: mabomba ya chuma yamejaa mitaani, ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu.

Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili nyingi, kwa hiyo nendeni Jumamosi.

Mama aongee na daktari wake kuhusu dawa na joto kabla hamjaondoka. Akianza kuchanganyikiwa njiani, piga 112, namba ya dharura, papo hapo.