Maswali ya Wasomaji: Klabu ya vijana, mwanangu ataambulia nini?

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha pili. Anataka kujiunga na klabu ya vijana na amenitajia 4H, skauti na girl guides. Nahofia ataishia kuvaa sare na kuimba huku masomo yakirudi nyuma. Nitaijuaje klabu nzuri?
Mama wa Mbagala

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi. Kabla hujalipa ada yoyote, nenda siku ya kikao chao na umwombe mlezi akuonyeshe daftari la kazi. Klabu inayofanya kazi ina kumbukumbu: tarehe, kazi iliyofanywa, nani alishika nini, nini kiliharibika. Ukiambiwa daftari liko nyumbani kwa mwalimu, uliza tena wiki ijayo. Likikosekana tena, tafuta klabu nyingine.

Hizo tatu zinatofautiana kidogo. 4H ilianzia Ohio, Marekani, mwaka 1902, kwa watoto wa vijijini waliofundishwa kilimo kwa kukifanya. H nne ni za kichwa, moyo, mikono na afya kwa Kiingereza. Skauti ilianza na kambi ya majaribio Uingereza mwaka 1907, ambako wavulana waligawanywa katika vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi wake kijana. Girl guides ilifuata kwa ajili ya wasichana. Uzuri wa zote uko kwenye kikundi kidogo: watoto sita hadi wanane, kila mmoja na jukumu lake. Klabu ya watoto sitini chini ya mwenyekiti mmoja humfundisha uongozi huyo mmoja tu.

Mradi wa kwanza nao uwe mdogo na wa haraka. Kwa Dar es Salaam tunapendekeza mchicha, kwa sababu huvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne na mtoto huona matokeo kabla hajachoka. Tuta liwe na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo, na urefu wa mita 5. Wakati wa masika liinueni sentimita 20, la sivyo maji yatasimama na mizizi itaoza. Wekeni debe moja la samadi kwa kila mita ya mraba, iliyooza hadi haina harufu kali. Samadi mbichi huunguza miche. Mbegu ni ndogo mno, hivyo kijiko kimoja cha chai kichanganywe na vikombe viwili vya mchanga mkavu ndipo zisambae sawasawa. Mistari iachane sentimita 20, na mbegu zifunikwe kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita.

Hapo ndipo vijana wengi hukosea. Hufukia kwa kina, siku kumi zinapita hakuna kilichoota, kisha wanamlaumu muuza mbegu. Kosa la pili ni kubananisha miche na kuimwagilia kupita kiasi: shina hulegea pale linapogusana na udongo, linakuwa jembamba kama uzi, na mche unalala. Ukiona hivyo, punguzeni miche, mwagilieni asubuhi, na mwacheni anayehusika na zamu aandike mwenyewe kilichotokea. Tafadhali mlezi asimwandikie.

Kuhusu masomo, kikao kimoja kwa wiki na zamu mbili za kumwagilia zinatosha. Klabu inayomtaka kila jioni inazidisha.

SWALI: Nina miaka 16, nimechaguliwa katibu wa klabu yetu. Vikao vinachukua saa mbili na hakuna linalotekelezwa. Nifanyeje?
Katibu mpya, Tandika

JIBU: Hongera, mdogo wetu. Andaa ajenda zisizozidi nne na uwape wenzako siku mbili kabla. Kwenye muhtasari, maneno ya kila msemaji yaache. Andika uamuzi, jina la mtekelezaji na tarehe. «Tutanunua keni ya kumwagilia» haitekelezeki. «Mweka hazina atanunua keni moja kabla ya Ijumaa na kuleta risiti» inatekelezeka. Kikao kinachofuata kianze kwa kusoma majina hayo, kwa sauti ya kawaida, bila kumsuta mtu. Aliyeshindwa aulizwe alikwama wapi, kwani mara nyingi ni nauli au ruhusa ya nyumbani, na hayo yana dawa.

Fedha zihesabiwe na watu wawili na wote wasaini. Usikubali kuwa katibu na mweka hazina kwa pamoja, hata wakikubembeleza. Hesabu isipotimia, hutakuwa na shahidi.

SWALI: Jioni namsaidia mama gengeni. Naweza kujiunga?
Msomaji, Manzese

JIBU: Unaweza. Omba zamu ya asubuhi au kazi ya kutunza mahesabu ya mauzo. Anayepanga mafungu ya nyanya kila siku anajua bei kuliko wenzake, na klabu ikivuna mchicha itamhitaji mtu wa kuupangia bei.