Taa ya msalaba kwenye darubini ya bunduki: punguza mwanga

Mkuu umeuliza kwa nini ukiwasha jioni taa ya msalaba, yaani ile mistari ya kulengea ndani ya darubini, unaona kidoa chekundu tu na mnyama anapotea. Darubini yako ni nzima. Umewasha taa kali mno.

Nawinda Ujerumani kwa leseni, zaidi nguruwe mwitu wanaovamia mashamba ya mahindi. Sheria ya huku inahesabu usiku kuanzia dakika 90 baada ya jua kuzama hadi dakika 90 kabla halijachomoza. Muda huo kulungu haguswi, ila nguruwe mwitu ameruhusiwa. Kwa hiyo tunakaa dunguni kwa mbalamwezi, na mistari myeusi ya msalaba inamezwa kabisa na manyoya meusi ya mnyama. Hapo ndipo taa ina kazi.

Lakini taa haiongezi mwanga wowote kwenye picha. Mwanga unaletwa na lenzi ya mbele. Kama ni ya milimita 56 na unakuza mara 8, gawanya: mwale unaofika jichoni una upana wa milimita 7, karibu sawa na mboni ya kijana iliyopanuka gizani. Ukikuza mara 14 unabaki na milimita 4, picha inafifia. Sasa ongeza kidoa kikali: mboni inasinyaa, mng'ao unatapakaa, nguruwe haonekani tena.

Mimi nikifika dunguni naacha macho yazoee giza, nusu saa hivi. Kisha naelekeza darubini mahali penye giza kuliko pote, ukingoni mwa msitu, naanza na kiwango cha chini kabisa, napandisha hadi kidoa kianze tu kuonekana. Naishia hapo. Chagua nyekundu kuliko kijani, haiharibu sana macho yaliyokwisha kuzoea giza.

Mchana kwenye msako wa kuwatimua wanyama ni kinyume: unakuza mara 1 au 2, macho yote mawili wazi, kidoa kikali.

Betri nyingi ni CR2032, zile bapa kama sarafu, na baridi inazimaliza upesi, weka ya akiba mfuko wa ndani. Nunua darubini ambayo msalaba umechongwa kwenye kioo, ili betri ikifa mistari ibaki.

Na hili naomba ulishike sana. Kidoa kinachoonekana vizuri humtia mtu ujasiri wa kupiga kitu asichokijua. Huku ni kosa kisheria kumuua jike ambaye watoto bado wanamtegemea, na watoto hao wamezama kwenye nyasi, huwaoni. Kama kwa darubini ya mkononi hujajua ni jike au dume, yuko peke yake au na watoto, ondoa kidole kwenye kifyatulio, muache apite.

Tuambie darubini yako ina viwango vingapi vya taa na lenzi ya mbele ni milimita ngapi, nikwambie pa kuanzia.