Jibu: Utajuaje tamthilia inamdharau mtu wa Kusini?
Mdau, umeuliza utajuaje tamthilia inatudharau watu wa Kusini mwa Tanzania wakati kwenye maneno hamna tusi hata moja. Zima sauti kwanza, uangalie kamera imekaa wapi. Mlinzi wa Kimakonde akipigwa picha kutoka juu anaonekana kadogo; bosi akipigwa kutoka chini anajaa skrini. Na nani anasogezewa kamera mpaka machozi yaonekane? Mara nyingi bosi. Mlinzi yuko nyuma, sura haisomeki. Sasa washa sauti: akifungua mdomo tu, lafudhi ya Newala imetiwa chumvi na muziki wa vichekesho unaingia. Hapo ndipo dharau ilipo. Mavazi mimi hayanisumbui sana. Hata Mikindani mwenye pesa zake za korosho anavaa kandambili.