Watoto wawili wa Kikongo wamefikia kanisani Nairobi, hawana wazazi

Bwana asifiwe, Mama Mchungaji. Nimekuelewa: ndugu wawili, miaka 9 na 12, wamelala kwa muumini siku tatu, na kanisa linataka "kuwaandikisha wapelekwe Marekani".

La Marekani liwekeni kando kwanza. Leo hii ripotini kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au pigeni 116, ni bure. Mkikaa nao kimyakimya, hata kwa nia njema, mnaweza kushukiwa kuwaficha. Ombeni polisi nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha kuandikia matukio. Afisa ndiye ataamua walale wapi, mwambieni wasitenganishwe.

Andikeni mara moja tu, kwa maneno ya watoto wenyewe: majina ya wazazi, kijiji, njia waliyopita, walipotezana na wazazi wapi. Msiwahoji kila jioni. Karatasi hiyo itawafaa Msalaba Mwekundu, ambao hutafuta jamaa bila malipo.

Kisha wasajiliwe katika Idara ya Huduma za Wakimbizi. Hapa ndipo wengi huharibu: mtu anawaandika kama wanawe ili "kurahisisha". Baadaye kwenye mahojiano maelezo hayalingani, faili linakwama miaka.

Kuhamishiwa nchi ya tatu, kama hiyo Marekani, kwa kawaida hupendekezwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na kuamuliwa na nchi husika. Kanisa haliwezi kununua nafasi. Anayedai pesa ni tapeli.

Picha zao msiziweke Facebook kuchangisha. Watu ambao watoto hawa waliwakimbia nao wana simu. Changeni nauli, sare na mkalimani. Mtoto akishtuka usiku au asipokula, ombeni mshauri nasaha. Maombi pekee hayatoshi.